Mwenzako Akishasema Dabo

Wareno walifika pwani yetu mwaka 1498, na mwaka 1698 wakang'olewa Ngome ya Yesu kule Mombasa. Miaka 200 kamili. Sisi wanafunzi wa historia tumezoea kuorodhesha walichokiacha: ngome yenyewe, mahindi na mihogo, maneno kama meza na leso. Karata huwa tunazisahau. Shupaza ni espadas zao, kopa ni copas, uru ni ouros, pau ni paus, na turufu ni trunfo. Mzee anayepiga wahedi wa sitini barazani jioni, mwenzake akiwa amekaa mkabala naye, anaongea Kireno saa nzima bila mtu kumwomba pasipoti.

Nayahitaji majina hayo kwa sababu nataka kuandika juu ya mchezo mwingine, briji, ambao Wareno hawahusiki nao. Na ndani ya briji nataka neno moja tu: dabo. Hasa nataka kumwandika mtu anayelisikia neno hilo likitoka kwa mwenzake, akazitazama karata zake mbovu, akajiuliza: nikae au nikimbie?

Kwa asiyeujua mchezo, maelezo ni mafupi. Watu wanne, jozi mbili, wenza wakitazamana. Karata 52 zinagawanywa, kila mtu 13. Kabla ya kuanza kutupa karata kuna mnada: kila jozi inapandisha dau, ikiahidi kula raundi ngapi kati ya 13 na turufu ikiwa nini. Ukisema "shupaza tatu" umeahidi raundi 9, maana sita za mwanzo hazitajwi kwenye dau. Lugha yote ya mnada ina maneno 15: moja hadi saba, majina manne ya karata, bila turufu, pasi, dabo na ridabo. Hakuna "labda". Hakuna "ngoja kwanza". Mwenzako hazioni karata zako, nawe huzioni zake, na kwa maneno hayo 15 mnatakiwa kuelewana.

Dabo, kwa maana yake ya asili, ni kauli kwa wapinzani: hamuwezi. Nayo inapandisha bei ya kila kitu. Chukua hiyo hiyo shupaza tatu, kwa jozi isiyo hatarini, yaani jozi ambayo faini na zawadi zake bado ziko kwenye kiwango cha chini. Wakitimiza ahadi bila dabo wanapata pointi 140. Wakitimiza chini ya dabo wanapata 530, zikiwemo 50 ambazo wachezaji huziita malipo ya tusi, kwa kuwa umewatukana kwa kudhani watashindwa. Wakipungukiwa raundi moja, faini ni 100 badala ya 50. Wakipungukiwa mbili, 300. Tatu, 500. Iangalie hesabu hiyo vizuri. Ukiwapiga dabo wakapungukiwa moja tu, umeongeza pointi 50. Wakitimiza, umepoteza 390. Kwa hiyo anayesema dabo kwa kawaida anatarajia zaidi ya raundi moja, na huwa anajua kitu.

Sasa mkono wenyewe. Nilikuwa nao usiku mmoja tukicheza kwenye intaneti, mimi na mwenzangu wa karata, muuguzi anayeishi Tanga. Namwita dada, yeye ananiita mdogo wangu, na tumeonana ana kwa ana mara mbili tu. Sikuwa na shupaza hata moja. Kopa 8, 5, 2. Uru saba: mfalme, malkia, jeki, 9, 8, 7, 4. Pau 10, 6, 3. Nikafungua mnada kwa uru tatu. Hilo ni dau la kuziba njia. Linasema: nina uru nyingi na karibu hakuna kingine, nimeruka juu mapema ili wapinzani wakose nafasi ya kuzungumza. Mpinzani wa kushoto akasema shupaza tatu. Dada akasema dabo. Mpinzani wa kulia, pasi. Zamu yangu.

Mwili wote unakwambia ukimbie. Shupaza ndiyo turufu yao na mimi sina hata moja. Sina ree yoyote. Uru zangu zinapendeza machoni, lakini mpinzani akiwa nazo chache atazikata kwa turufu. Dada ametoa kauli nzito, na mimi ninayetakiwa kumsaidia kuitimiza nimeshika makapi. Uru nne iko pale pale, ngazi moja juu, kama mlango uliorudishwa tu.

Nikakaa. Kilichotokea nitakisema, lakini kwanza nataka kueleza swali hili lilitoka wapi, maana halikuwepo tangu mwanzo.

Kwenye wist, babu wa briji, lisingeweza hata kuulizwa. Edmond Hoyle alipochapisha kijitabu chake cha wist London mwaka 1742, mchezo haukuwa na mnada wala dabo. Karata ya mwisho kugawiwa ilifunuliwa, hiyo ndiyo turufu, basi. Wenza walikuwa wanasema kwa karata walizozitupa, si vinginevyo. Dabo tunaikuta kwenye familia ya wist baadaye, katika mchezo ambao wanahistoria wengi wa karata wanauelekeza Istanbul, na ambao John Collinson aliuandikia kijitabu London mwaka 1886 kwa jina la Biritch, au wist ya Kirusi. Humo aliyegawa karata alichagua turufu, au akamwachia mwenzake achague. Wapinzani wakidhani wao ndio wenye nguvu, walisema dabo. Waliopigwa dabo waliweza kujibu kwa kuizidisha tena, na wale tena, huku na huku. Sheria za London zilibidi ziweke kikomo, pointi 100 kwa kila raundi, nadhani ili watu wasirudi nyumbani bila koti.

Briji hiyo ya kwanza ilikuwa na adabu moja ninayoipenda sana. Turufu ikishatajwa, anayetakiwa kutupa karata ya kwanza hakuitupa moja kwa moja. Alimwuliza mwenzake kwanza kama anaruhusiwa kucheza. Lengo lilikuwa kumpa nafasi ya kusema dabo kama anataka. Ndio, cheza. Au: hapana, dabo. Lakini tazama kitu kimoja. Baada ya dabo hiyo mwenza hakuwa na pa kukimbilia. Turufu imeshachaguliwa, hakuna mnada wa kurudi. Dabo ilikuwa hukumu, na kazi yako ilikuwa kuitekeleza.

Hata hivyo, tayari watu walikuwa wameanza kuipenyezea neno la pembeni. Mwenza wa anayeanza akipiga dabo dhidi ya "bila turufu", palikuwa na mapatano kwamba anayeanza atupe kopa. Mezani kwingine mapatano yalikuwa tofauti: atupe kutoka aina ile ambayo yeye ni dhaifu zaidi. Kwa hiyo ukikaa na mgeni ilikupasa kumwuliza kabla: kwenu dabo ni kopa, au ni udhaifu? Neno lililoelekezwa kwa wapinzani lilikuwa limeanza kumkonyeza mwenza.

Mtu wangu anazaliwa mwanzoni mwa karne ya 20, pale briji ilipopata mnada wa kweli, kila mmoja akishindana kupandisha dau. Katika mchezo huo mpya dabo haikufunga mnada. Ikifuatiwa na pasi tatu, inabaki. Mtu yeyote akisema dau lingine, inafutika kama haikuwahi kutamkwa. Kwa mara ya kwanza, mwenza wa aliyesema dabo alikuwa na uwezo wa kuitengua. Uwezo huo ndio chanzo cha dhiki yote ninayoiandika hapa.

Haukupita muda wakatokea wajanja wawili Marekani, Bryant McCampbell wa St. Louis na Meja Charles Patton wa New York, ambao wanatajwa kuwa waligundua jambo lile lile kila mmoja kivyake, katika miaka michache kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia kupamba moto. Waliona kwamba dabo dhidi ya dau la chini kabisa, mathalani kopa moja, haina faida. Nani atamwadhibu mtu aliyeahidi raundi 7 tu, wakati bado ana nafasi ya kukimbilia kwingine? Neno limekaa bure. Basi walitumie kwa kitu kingine: dabo ya chini imaanishe "mwenzangu, nina nguvu, sipendi kopa zao, taja aina yako bora". Kwa Kiswahili naiita dabo ya kuita. Ile ya zamani ni dabo ya adhabu.

Kama mwanafunzi wa historia, huwa napenda kuona lugha inavyobana matumizi namna hii. Neno lisilo na kazi halikai bila kazi. Lakini gharama ilimwangukia msikilizaji. Sasa kabla ya kujiuliza kama anaiamini dabo ya mwenzake, alipaswa kujua ni dabo ipi. Kanuni iliyoenea ilikuwa rahisi: kama mwenza wa aliyesema dabo bado hajatia dau lolote na mnada uko chini, anaita, kama ameshasema kitu, anaadhibu. Na hata kwenye ile ya kuita ulibaki mlango wa nyuma. Ukiwa na kopa tano nzuri, unaweza kusema pasi, na wito wa mwenzako unageuka adhabu kwa kimya chako. Pasi moja, maana mbili kinyume kabisa, kutegemea nani ameshasema nini.

Mwaka 1925 tajiri mmoja wa Marekani, Harold Vanderbilt, akiwa melini, kwenye meli iitwayo Finland iliyotoka Los Angeles kwenda Havana kupitia Mfereji wa Panama, aliketi na wenzake watatu akawajaribishia jedwali jipya la pointi. Ndiyo briji tunayoicheza leo. Badiliko kubwa: raundi ulizokula zinahesabiwa kuelekea gemu kama tu uliziahidi mnadani. Watu wakalazimika kuahidi zaidi, na ahadi kubwa zikazaa faini kubwa. Kutoka melini hapo pia limetoka lile neno "hatarini". Inasimuliwa kwamba ni abiria mmoja, mwanamke kijana, aliyelipendekeza.

Uzito wa mambo ulipanda, na nyumba zikaanza kutikisika. Kisa kinachojulikana zaidi ni cha Kansas City, 29 Septemba 1929, ambapo John Bennett alishindwa kutimiza mkataba wa shupaza nne akicheza na mkewe Myrtle dhidi ya majirani. Wakagombana, akampiga kofi, na mkewe akampiga risasi. Mwaka 1931 mahakama ilimwachia huru. Magazeti yalichapisha hadi karata za mkono ule, na Ely Culbertson, mwalimu maarufu kuliko wote wa briji wakati huo, akazichambua. Karata hizo ziliundwa baadaye. Hakuna aliyeziandika mezani usiku ule, na sidhani kama kuna mtu aliyekuwa na utulivu wa kuziandika. Lakini hata uzushi ni chanzo kizuri ukiuliza swali sahihi. Waliouunda walimpa mume karata hafifu za kufungulia mnada, kisha mke akamwamini akapandisha hadi nne. Yaani wasomaji wa miaka ile walitaka kisa kiwe hivi: mtu kasema ana kitu ambacho hana, na mwenzake amekipokea kama kweli.

Culbertson mwenyewe aliigeuza imani ya wenza kuwa tamasha. Kuanzia Desemba 1931 hadi Januari 1932, hotelini New York, yeye na mkewe Josephine walipambana na Sidney Lenz katika mechi iliyofuatwa na magazeti kama ndondi. Mwamuzi alikuwa luteni kijana wa jeshi, Alfred Gruenther, ambaye baadaye alikuwa jenerali na kamanda mkuu wa majeshi ya NATO Ulaya. Culbertson alishinda kwa pointi 8,980. Mimi huwa namwangalia zaidi Oswald Jacoby, mwenza wa Lenz, kijana mwenye kipaji aliyependa dau za uongo, yaani kusema kitu asichokuwa nacho ili kuwachanganya wapinzani. Tatizo la dau la uongo ni kwamba linamchanganya na mwenza. Lenz alimlaumu mezani mbele ya watu, na baada ya mizunguko 103 kati ya 150 Jacoby aliondoka. Nafasi yake akaichukua mwanajeshi, Winfield Liggett. Fikiria uko kwenye nafasi ya Lenz: mwenzako anasema dabo, nawe huna hakika kama hata dau lake la kwanza lilikuwa la kweli. Utakaaje?

Wakati huo huo neno liliendelea kupakiwa mizigo. Theodore Lightner, mmoja wa watu waliocheza upande wa Culbertson, alishapendekeza mwaka 1929 kwamba dabo dhidi ya mikataba ya juu kabisa, ile ya raundi 12 au 13, isiwe ya tamaa ya faini. Iwe ujumbe kwa mwenza: tupa karata ya kwanza ambayo hukutarajia kuitupa. Mwaka 1957 Alvin Roth na Tobias Stone wakachukua dabo nyingine iliyokuwa ya adhabu, ile ya mwenza wa mfunguzi baada ya mpinzani kuingilia, wakaigeuza kuwa ya kuita. Warusi walikuwa wamerusha setilaiti yao mwaka huo, kwa hiyo ikaitwa Sputnik. Ipo hata dabo ambayo John Lowenthal aliipa jina la nyani mwenye mkia wa milia: unawapiga dabo wapinzani walioishia chini, huku ukijua watatimiza, ili wasipande hadi kwenye mkataba mkubwa zaidi, wakijibu kwa ridabo, unatimua mbio kama huyo nyani. Wakati napekua vitabu hivi niliacha kuandika nikacheka peke yangu maktaba.

Leo dabo nyingi kwenye mnada wa kawaida si za adhabu. Zinaita, zinauliza, zinaonyesha. Dabo ya adhabu imekuwa adimu, na pengine ndiyo maana ikija tunaiogopa zaidi.

Kuna upande mwingine wa historia hii ambao hauko kwenye maana ya neno. Uko kwenye namna ya kulitamka.

Kwa miongo mingi mnada ulikuwa wa sauti. Maneno ni 15, lakini sauti ya mtu haina idadi. Mtu aliweza kusema dabo kwa upole, kama anauliza bei ya nyanya, na mwenzake akajua anaitwa. Akaisema kwa mkato, akiegemea kiti, na mwenzake akajua asithubutu kuigusa. Wengi hawakukusudia kudanganya. Sauti hutoka tu. Eric Jannersten wa Sweden anasifiwa kwa dawa iliyoanza miaka ya 1960: kisanduku chenye kadi za kila dau, unachomoa kadi badala ya kuongea. Pasi ni ya kijani, dabo ni nyekundu yenye alama ya X. Mwaka 1975, kwenye mashindano ya dunia ya Bermuda, waliongeza pazia la mbao mezani ili wenza wasionane. Mwaka huo huo jozi moja ya Italia ikakaripiwa rasmi kwa sababu mmoja wao alikuwa akigusa miguu ya mwenzake chini ya meza. Ikabidi paziba na chini.

Kilichobaki bila kuzibwa ni muda. Dabo iliyochukua sekunde ishirini si sawa na iliyochukua mbili. Ya polepole inasema: sina hakika, ukiona vyema itengue. Na hapa sheria za briji zinafanya jambo ambalo mimi naliona ni la kiungwana kuliko sheria nyingi nilizosoma. Hazimkatazi mtu kufikiri; kuchelewa si kosa. Zinamfunga anayesikia. Kama una njia mbili za busara, na kusitasita kwa mwenzako kunaiashiria mojawapo, huruhusiwi kuichagua hiyo. Mwenzako akisema dabo ya polepole, nawe ulikuwa njia panda, unakaa. Hata kama unajua kabisa kwamba alikuwa anakuomba ukimbie. Kinyume chake pia ni kweli: akiichomoa kadi nyekundu kwa kishindo kabla hata mpinzani hajashusha mkono, kuna siku sheria itakutaka ukimbie wakati roho yako inataka kukaa. Unalipa kwa ulichokisikia bila haki ya kukisikia.

Kwenye intaneti dada na mimi tumepata nafuu ya ajabu. Dabo yake ikichelewa sekunde arobaini sijui kama anafikiri, kama mgonjwa ameita, kama bando limekata, au kama umeme umeenda na anatafuta simu gizani. Kuchelewa hakuna maana tena. Nimebaki na neno lenyewe na karata zangu 13, jambo ambalo nadhani Jannersten angelifurahia.

Basi turudi kwenye shupaza tatu. Wanaoanza wengi huliuliza swali vibaya. Wanauliza: karata zangu ni dhaifu? Kama ni dhaifu, wanakimbia, kwa sababu wanaona aibu. Wanahisi mwenza amejenga nyumba juu ya mchanga wao. Swali linalofaa ni jingine: karata zangu ni tofauti na nilivyokwisha kusema? Niliposema uru tatu nilimwambia dada kila kitu. Uru saba, pointi chache, usitegemee kingine. Alisema dabo akiwa ameshausikia unyonge wangu na kuutoa kwenye hesabu. Kusema uru nne ni kumwambia jambo lile lile mara ya pili, kwa sauti kubwa zaidi, kana kwamba mara ya kwanza hakuelewa. Ndiyo sababu walimu wa mchezo huu wanasisitiza kwamba aliyefungua kwa dau la kuziba amemaliza kuongea. Nahodha sasa ni mwenzake.

Angekuwa mtu amefungua kwa kopa moja, dau linaloahidi nguvu, akiwa na karata pungufu kuliko alivyoahidi, mambo yangekuwa mengine. Mwenzake anapiga dabo akihesabu raundi ambazo hazipo. Hapo kukimbia kuna hoja, maana deni ni lako. Vivyo hivyo ukiwa na umbo ambalo mwenzako hawezi kulikisia, mathalani aina mbili ndefu wakati umetaja moja tu, na dabo iko chini kwenye ngazi ya moja au mbili. Wewe ndiye unayejua kitu asichokijua. Lakini kutokuwa na shupaza hata moja? Wengi wangeliona hilo ni sababu ya kutosha. Mimi naona halitoshi. Kama mimi sina, basi 13 zote ziko mikononi mwa watatu, na dada aliyekaa mara tu baada ya mwenye mkataba anazo za kutosha kumwumiza.

Alikuwa nazo nne nzuri, pamoja na ree ya kopa na ree ya pau. Raundi mbili za turufu, mbili za ree, na alitarajia angalau moja kutoka kwenye uru zangu. Tano. Wanapungukiwa moja, na pengine zaidi. Ila mwenye mkataba naye hakuwa na uru hata moja. Tano zilikuwa kwa mwenzake, zikiwemo ree na 10, dada alikuwa na moja, saba zangu. Raundi yetu ya uru ikakatwa kwa turufu. Tukala nne, wao tisa. Pointi 530 kwao.

Nilikaa nikitazama kioo cha simu, nikifanya hesabu ya uru nne. Ningepoteza raundi mbili za uru, mbili za kopa, mbili za pau. Ningepungukiwa tatu, na chini ya dabo yao ni faini ya 500. Tofauti ya pointi 30, kwa mkono ambao uru ziligawanyika kwa namna mbaya kuliko karibu zote zinazowezekana. Sikuwa nimemaliza kuhesabu ujumbe wa dada ukaingia. Sikutarajia lawama, hana tabia hiyo, lakini sikutarajia pia alichoandika: "Asante kwa kukaa mdogo wangu. Ningekuwa mimi ningetetemeka." Nikamjibu kwamba nilitetemeka. Akaniambia niharakishe, mkono unaofuata umeshagawanywa na yeye anaingia zamu saa nne.

Wiki iliyofuata tuliandika ukurasa wetu wa makubaliano, kama jozi zote zinavyotakiwa kufanya. Dabo peke yake ilichukua zaidi ya nusu ya ukurasa: hii inaita, hii inaita hadi ngazi ya tatu, hii inataka karata ya kwanza isiyotarajiwa, hii hatujakubaliana tutaongea. Dabo baada ya dau la kuziba niliiandikia mstari mmoja: ya adhabu, kaa. Nilipofungua faili kesho yake, dada alikuwa ameongeza maneno matatu mwishoni mwa mstari huo: hata ukiwa tupu.